Mabega ya Wazee wa Kanisa

Gatina, Kawangware,
Nairobi.

Baba yangu mpendwa,

Mulembe. Mulembe kwako, kwa Mama, na kwa kila mtu atakayekuwa ameketi hapo barazani barua hii ikifika. Sisi huku Gatina tu wazima. Tunakula, tunalala, tunaamka, na kwa hayo tunamshukuru Mungu kabla hatujamwomba mengine. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia umeanza tena kwenda shambani bila fimbo. Nilifurahi kwanza, halafu nikakasirika, kwa sababu fimbo hiyo niliitafuta mwenyewe nikaituma kwa basi, na sikuituma ili iwe ya kufukuzia kuku.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua siku hizi ambapo kila mtu ana simu. Simu tumeijaribu, Baba. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango, akidhani kuna ugomvi humu ndani, na wewe kule ukaendelea kuniambia kwamba mahindi yamefanya vizuri. Nikimpa Mama habari hii akupe, itakufikia nusu, na nusu atakayoiacha ndiyo ninayoitaka uijue. Kwa hiyo vaa miwani yako uisome mwenyewe, polepole. Usimpe mtu akusomee.

Walubengo mkwe wako anakusalimu. Amepata kazi ya mawe kwenye jengo moja la ghorofa hapa hapa Gatina, anarudi jioni akiwa mweupe wa saruji kuanzia nyusi hadi viatu. Mjukuu wako Mitchelle bado yuko saluni, na sasa ndiye anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya yangu. Nikimrekebisha mbele ya watu ananiambia, "Mathe, relax." Mimi si-relax. Nawe wajua nimelitoa wapi hilo.

Habari yenyewe ni ya kwaya. Unakumbuka Krismasi ulipotutembelea? Tulikukalisha benchi la mbele, wewe na koti lako la kahawia, tukakuimbia nyimbo zetu zote nzuri na kinanda na spika mbili. Nilipogeuka kuwatazama watu nilikuona unatuangalia midomo. Wimbo ulipoisha ulipiga makofi, lakini ulianza baada ya wenzako kuanza. Baadaye ukaniambia ilikuwa nzuri sana. Sikukuamini, Baba, na iliniuma. Nimefundisha kwaya tangu Mitchelle akiwa mgongoni mwangu, watu wa Kawangware nzima wanatoka kwao kuja kuisikiliza, na mtu ambaye masikio yangu yametoka kwake haipati hata kidogo.

Nikakumbuka matanga ya Baba mdogo. Siku ile ulisimama mbali na waimbaji, karibu na wapiga isukuti, na ngoma kubwa ilipolia kidole chako kilikuwa kikigonga fimbo. Hukukosea hata mara moja. Ilikuwa inakuingia kwa miguu na kifua, haikuhitaji masikio. Basi nikaamua kwamba nitatunga wimbo wa Mungu wenye isukuti ndani yake, ili ukija tena usihitaji kutazama midomo ya mtu.

Nafasi ilikuwepo. Kila Desemba makanisa yetu ya Kibera na ya Kawangware hukutana pale Olympic, huko huko Kibera, kwa tamasha la kwaya, na kila kanisa hupeleka wimbo liliotunga lenyewe. Nilitunga wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mavuno. Maneno yake ni ya Biblia tupu, hata Pasta aliyasoma akasema amina. Kilichobaki kilikuwa ngoma, na ngoma niliambiwa ziko Kibera.

Ndivyo nilivyomjua Collins. Anakaa ndani kidogo kutoka Makina, ni kijana wa kwetu Shinyalu, baba wa watoto wawili, na ana kikundi cha isukuti ambacho watu hukikodi kwa matanga, kwa harusi na wakati wa kampeni. Ana ngoma zote tatu, baba, mama na mtoto, na ngozi zake ni za kenge kweli. Nilimweleza ninachotaka. Alinitazama kama mteja aliyeagiza ugali saluni. Akaniambia, "Madam, mimi sina shida. Shida iko kwa wenyewe. Hiyo kanisa yenu ikisikia hii kitu, watu wataruka, halafu wazee watasema ni mimi." Nikamwambia wazee aniachie mimi.

Nilikwenda huko Jumamosi nyingi na waimbaji wangu wachache. Jambo moja nataka nikuambie kwa sababu lilinigusa. Adhana ikianza pale msikitini Makina, wale vijana wa Collins huinua mikono juu ya ngoma na kukaa kimya mpaka iishe. Hakuna anayewaambia. Wanangoja tu, wanafuta jasho, halafu wanaanza tena pale pale walipoachia. Nami nikawa nawaza kwamba hawa ndio watu ambao wazee wangu wanawaita watu wa dunia.

Sasa nikujulishe Mzee Nyamai. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya muziki kanisani kwetu. Ni mtu wa Kitui, seremala, anatengeneza vitanda na viti vya sebuleni pale barabarani, na ni mtu mwema sana, sitaki umfikirie vibaya. Lakini kabla hajaokoka alikuwa akizijua baa zote za Kawangware, na baa zote zilikuwa zikimjua yeye. Alicheza muziki mpaka akapewa jina la utani, ambalo siku hizi ukilitaja anainuka na kuondoka. Kwa sababu ametoka huko, kanisa linaamini anajua njia zote za kurudi huko.

Yeye ndiye aliyeleta kipimo cha mabega. Wimbo mpya ukiletwa, kamati inaketi kwenye benchi mbele, na kwaya inaambiwa iuimbe bila maneno, kwa kuguna tu. Mzee anasema maneno yanaweza kuvalishwa chochote, kwa hiyo yavue uone kilichobaki. Kama wazee wakikaa wametulia na mioyo yao ikaenda kwa Mungu, wimbo ni wa kanisa. Kama bega la mzee hata mmoja likicheza, wimbo ni wa kidunia na unaachwa hapo hapo. Usicheke, Baba. Kipimo hiki kimetuongoza miaka mingi, na nyimbo zangu zote zilizopita zilikipita.

Zilikipita kwa nini? Kwa sababu kinanda kilikuwa kimezimwa. Siku ya kupima tunaguna taratibu, mabega yametulia, wimbo unapitishwa. Jumapili mpiga kinanda anabonyeza kitufe, spika zinaanza kutoa sebene la kumwamsha mlinzi wa baa, na akina mama wanazunguka kanisa zima na leso. Hapo hakuna anayeangalia bega la mtu. Nilipomuuliza Mzee Nyamai jambo hilo aliniambia kwa upole kwamba kinanda ni chombo cha kanisa, kwa hiyo kikipiga, kinapiga cha kanisa. Ngoma ya kenge ni ya matanga na ya kupiganisha fahali, kwa hiyo ikipiga, inapiga ya huko. Nilitafuta jibu sikulipata haraka, na nikikosa jibu haraka mimi hukasirika.

Kwa hasira hiyo nilimleta Collins na ngoma zake mazoezini kanisani, bila kumwambia mtu. Mzee akaja akatusimamisha. Wiki iliyofuata nikamleta tena. Hapo kamati ikakaa. Waliniambia wimbo utapimwa Jumamosi kwa mabega kama nyimbo zote, pamoja na hizo ngoma kwa kuwa nimezing'ang'ania, na ukianguka mambo mawili yatafuata. Wimbo utaachwa, na mimi nitakalishwa benchi la nyuma kwa kutotii, kwaya apewe mtu mwingine. Unajua maana ya benchi la nyuma. Watu wanakusalimu kwa huruma, watoto wanakugeukia wakati wa maombi, na wengi waliokaa pale hawakurudi mbele tena.

Walubengo aliniambia niachane na ngoma. Alisema kwaya ndiyo maisha yangu, na wewe Baba ungetaka nibaki nayo. Alisema kweli. Lakini Jumamosi niliamka nikavaa sare ya kwaya nikatoka.

Wazee walikuwa watano kwenye benchi. Wanne wanaume, na Mama Nthenya, ambaye ni mjane wa kutoka Machakos na anaheshimiwa kuliko wote wanne wakiunganishwa. Kwaya yangu ilisimama. Ningependa ungewaona. Wengine wametoka kufulia watu nguo, wengine wamelinda geti usiku kucha hawajalala, na wote wamesimama wima, sare zimepigwa pasi. Collins na wenzake wawili walikaa pembeni na mashati waliyoazimwa. Nilimpa ishara, tukaanza kuguna.

Wale wazee walikuwa wamejiandaa. Walikaza mabega kama watu wanaosubiri kudungwa sindano. Mzee Nyamai alishika magoti yake kwa mikono miwili, akatazama msalaba ukutani na hakupepesa macho. Mitchelle akaninong'oneza, "Mathe, cheki vile wamekauka." Ngoma ililia, madirisha yakatetemeka, watu wa nje wakaanza kuja mlangoni, na benchi likabaki kama lilivyo. Nikaanza kudhani tumepita. Kisha bega la Mama Nthenya likapanda. Likashuka. Likapanda tena. Yule mama alikuwa amefumba macho na alikuwa anatabasamu.

Mzee Nyamai aliinua mkono tukanyamaza. Hakufurahi, nikupe ukweli wake. Alisema wimbo ni mzuri lakini umeanguka, na kwamba mimi najua kinachofuata. Mama Nthenya alijaribu kusema kwamba yeye moyo wake ulikuwa kwa Mungu wakati wote, lakini wakamwambia kipimo ni kipimo. Waimbaji wangu walianza kulia. Mimi sikulia. Nilimwomba Mzee jambo moja kabla sijaenda nyuma. Nikamwomba tuugune wimbo mmoja wa mwisho, ule wa kufungulia ibada, kwa kipimo hicho hicho na ngoma hizo hizo, ili vijana wasikie tofauti ya wimbo wa kanisa na wa dunia. Alikubali mara moja, tena kwa furaha. Alisema hilo litakuwa fundisho zuri.

Baba, wewe umeshajua nilichofanya. Huenda umeshavua miwani. Ivae tena, maana bado sijamaliza.

Collins hakuujua wimbo huo kama wimbo wa kanisa, kwa sababu haingii kanisani. Kwa mstari wa kwanza alipapasa papasa ngoma akitafuta njia. Kwa mstari wa pili nilimwona uso umefunguka. Akauchukua wimbo na kuupiga kama unavyopigwa asubuhi fahali anapotolewa zizini, watu wakiwa wameshika matawi na kukimbia mbele yake. Na akapiga kelele, mle ndani ya kanisa, "Wasee! Si hii ni ile ya Injinia? Ile ng'ombe ya Shinyalu!"

Lakini kabla hajasema hivyo, mabega yalikuwa yameshaondoka. Yote kumi. Mzee Nyamai alikuwa ameachia magoti. Mzee Muema, ambaye ndiye mkali kuliko wote, alikuwa anakwenda kushoto na kulia na benchi linamfuata. Hawakuwa wamejikaza, kwa sababu nani atajikaza mbele ya wimbo anaoufungulia ibada kila Jumapili? Ile kelele ya Collins ndiyo iliyowaamsha. Kila mtu akasimama pale bega lake lilipofika.

Mzee Nyamai akaniuliza mimi, si Collins, Injinia ni nani.

Hapa ndipo nilipofika mahali pako, Baba. Nilikumbuka siku ile baada ya ubatizo wako ulipotukalisha sisi watoto mezani. Ulikuwa umeshampa Baba mdogo ngoma zako. Ukatuambia kwamba ule wimbo uliutunga wewe kwa ajili ya fahali wako Injinia, mwaka aliowashinda fahali wote wa upande wetu, na kwamba mwinjilisti mmoja aliusikia watu wakiuimba njiani akaupa maneno ya Mungu. Ulipoingia kanisani uliukuta wimbo wako umeokoka kabla yako. Ukatuagiza tusimwambie mtu, kwa sababu watu wakijua ulikotoka hawataweza kuomba tena. Mama aliwahi kuniambia kwamba tangu siku hiyo, ukiimbwa, wewe hufungui mdomo. Miaka yote hiyo umesimama kanisani kimya ndani ya wimbo wako mwenyewe. Na Mama aliniambia jingine ambalo hukutaka nilijue, kwamba unasema masikio yako kuziba ni malipo ya ngoma.

Ningeweza kumjibu Mzee Nyamai kwamba Collins amechanganya. Watu wangeniamini, Collins ni mtu wa nje. Nilitazama wale wazee watano, nikatazama waimbaji wangu, na nikasema kwa sauti ya kusikika mlangoni kwamba Injinia alikuwa fahali, na kwamba wimbo huo ulitungwa na Shivachi wa Shinyalu, mpiga isukuti, na Shivachi huyo ni baba yangu.

Nimelitaja jina lako, Baba. Umeniagiza mara moja tu maishani nifiche kitu, na sikukificha. Wala si kwamba Collins aliniponyoka. Kanisa lina nyimbo nyingi za zamani, ningeweza kuomba wowote. Niliuchagua huo kwa makusudi, nikijua mpigaji wangu ni wa Shinyalu na hawezi kukaa bila kuutambua. Nilikuwa nimepanga tangu usiku ule Walubengo aliponiambia niache. Nakuomba radhi kwa kukuvunjia agizo. Kwa kujivunia siombi radhi, maana nilipolisema jina lako nilihisi nimerefuka.

Wazee walitoka bila kufunga kwa maombi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama Nthenya peke yake ndiye aliyenishika mkono. Usiku wa Jumamosi hiyo sikulala. Nilifikiri nimeua ngoma, nimeua kwaya, na nimeua wimbo wa kufungulia ibada, vyote kwa siku moja. Walubengo hakunilaumu. Alinipikia chai na kuniambia kwamba angalau sasa hakuna kilichobaki cha kuogopa.

Jumapili ikafika. Niliingia nikaenda moja kwa moja kukaa benchi la nyuma kabla hawajaniambia, kwa sababu sikutaka mtu anipeleke. Wakati wa kufungua ibada hakuna aliyeanzisha wimbo. Watu walitazamana. Kisha Mzee Nyamai akainuka, akaenda mbele, na akaishika maiki.

Alisema anataka kutoa ushuhuda ambao ameutoa mara nyingi, ila safari hii atautoa wote. Watu wanajua kwamba aliokoka kwenye mkutano wa nje, hapa Kawangware, siku alipokuwa akitoka baa moja kwenda nyingine. Ambacho hakuwahi kusema ni kwamba siku hiyo hakusikia neno hata moja la mhubiri. Spika zilikuwa mbovu. Alisikia wimbo, huu huu, na hakujua ni wimbo wa Mungu. Alidhani kuna sherehe. Alisema, nami nakunukulia alivyosema, "Mabega ndiyo yalianza kwenda. Mimi nikafuata mabega yangu. Nikajikuta mbele, na pale mbele kulikuwa na Yesu." Akasema ametumia miaka yote hii kuyapima mabega ya wenzake, na kama angepimwa yeye siku ile angerudishwa baa. Kisha akasema kwamba hajui kuhusu nyimbo nyingine zote za dunia, na kamati bado itakuwa na kazi, lakini huu hawezi kuurudisha kwa sababu yeye mwenyewe alikuja nao.

Halafu akaniita kwa jina kutoka nyuma, nianzishe. Nilitembea katikati ya kanisa lile, na nitakuambia tu kwamba sikuinamisha kichwa.

Sikudanganyi kwamba wote wamefurahi. Mzee Muema amehamia tawi letu lingine na amewaambia watu huko kwamba sisi tunaabudu ng'ombe. Waimbaji wangu wawili wamekatazwa na waume zao. Kamati imepitisha isukuti kwa tamasha la Olympic, lakini kwa masharti kwamba wapigaji wavae mashati meupe na wayachomeke, na Collins amelalamika kuliko mtu yeyote kuhusu huko kuchomeka. Hata hivyo Jumapili iliyopita alikuja kanisani bila kuitwa na bila ngoma. Alisema amepitia tu.

Sasa nifike kwa lililonifanya nikuandikie. Jumatatu Mzee Nyamai alikuja hapa nyumbani na Mama Nthenya. Hawakutaka chai kwanza, kwa hiyo nilijua ni jambo kubwa. Waliniuliza kama mwenye wimbo bado yu hai. Nikasema yu hai, anafukuza kuku. Wakaniuliza kama mikono yake bado ina nguvu. Nikawaambia mikono ni mizima, masikio ndiyo yamekwenda, na kwamba anadhani yamekwenda kwa sababu ya ngoma. Mama Nthenya akasema masikio ya mumewe yalikufa pia, na marehemu hakuwahi kugusa ngoma maisha yake yote, ila alikuwa mbishi. Hapo tukacheka, hata Mzee, na wakanywa chai.

Wanataka uje, Baba. Si uje uketi benchi la mbele tukuimbie. Wanataka ukae kwenye ngoma kubwa siku ya tamasha, upige wimbo wa kufungulia, kisha wangu wa mavuno, Collins na wenzake wakufuate. Mzee Nyamai amesema atakutengenezea kiti mwenyewe, kisichohitaji kukunja sana hilo goti. Kamati yote iliyobaki imekubali. Nilimwambia kwamba baba yangu ni mtu wa kanisa, aliweka ngoma chini kwa ajili ya Bwana, na huenda akakataa. Mzee akaniambia nikuulize jambo hili tu, kama Bwana mwenyewe aliwahi kukuomba uiweke chini, au ni watu. Mimi sina jibu, ndiyo maana nimekuandikia badala ya kukupigia simu. Jibu hilo unalo wewe.

Walubengo atakuja kukuchukua wiki ya kwanza ya Desemba, kwa hiyo mwambie Mama afue shati lako jeupe. Nisalimie majirani wote, nisalimie Shangazi na umwambie dawa yake ya kifua nimeipata. Mkumbatie Mama kwa niaba yangu, na umwambie nusu uliyokuwa unanificha, naye akaniambia, imenisaidia sana. Mitchelle anasema, "Guka, kam na hiyo koti." Sijui ni wapi amejifunza kumwita babu Guka, ni hawa majirani zetu, lakini anakupenda.

Na tafadhali, Baba, usinijibu kwamba umeokoka. Hawa walionituma nikuite wameokoka pia.

Ni mimi binti yako, nikiwa na furaha kwamba mimi ni wako,

Lenah Shivachi,
Mwalimu wa kwaya, Gatina.